Sarafu Mgongoni mwa Mkono

Mimi nina mdomo, sikatai. Wifi yangu husema nikiingia mahali hata saa ya ukutani husimama kwanza inisikilize. Kwa hiyo mkinisikia leo nasema kwa kituo, msidhani naumwa. Nina aibu. Ilinishika Jumamosi, leo ni Jumatano, na bado haijaniachia. Nikinawa uso asubuhi naikuta hapo hapo.

Nafundisha piano. Chumba changu kiko juu ya fundi viatu. Kutwa nzima yeye anagonga nyundo chini, sisi tunagonga vibao vyetu juu, na hatujawahi kugombana. Ngazi ni za mbao, zinalia ukizikanyaga. Mlango wangu una kitasa kibovu. Ufunguo unaingia vizuri, lakini haugeuki mpaka uutikise kushoto kulia, kushoto kulia, haraka haraka, mkono ukiwa umelegea. Ukitumia nguvu, umekwama. Kaka yangu aliwahi kuukatia ufunguo humo ndani, mwanamume mzima, akabaki ameshika kipande. Mimi hufungua huku napiga soga na fundi aliye chini, wala sitazami.

Sasa, sarafu. Kila mwanafunzi wangu anaijua. Ni ya zamani, haipokelewi tena dukani, na upande mmoja umelika mpaka hujui palikuwa na picha ya nini. Mwalimu wangu aliniwekea mgongoni mwa mkono nikiwa bado mtoto, na alipostaafu akanipa niwawekee wengine. Sheria yake ni moja. Unapiga, sarafu inatulia. Ikianguka, unaanza upya. Mkono uwe kama meza, vidole tu ndivyo vifanye kazi.

Na vidole vyenyewe viwe na nguvu. Hapo ndipo nilipojipatia sifa. Bonyeza vidole vinne, inua cha pete peke yake, juu, juu zaidi, usidanganye, shusha. Gonga ukingo wa meza ukisubiri chakula. Vaa ukanda wa mpira kwenye vidole, uutanue mpaka mkono uwake moto. "Jikaze kisabuni!" ndiyo ilikuwa salamu yangu. Mimi mwenyewe nilikuwa na vidole vya kutisha. Majirani waliniletea makopo yao yaliyogoma, nami nayafungua nikitazama pembeni. "Mwalimu," fundi viatu aliniambia siku moja, "wewe ungefungua gereji." Nilicheka sana, na kusema kweli nilijisikia.

Kitu kimoja tu kilinishinda, nacho ni trili. Trili ni noti mbili jirani zinazopigwa kwa kupokezana, haraka mno, mpaka sikio lisikie kama kitu kimoja kinachotetemeka. Ya wenzangu ilitetemeka. Yangu ilichechemea. Nilifanya mazoezi mpaka mkono ukawa mgumu kama ubao, na kadiri nilivyojikaza ndivyo ilivyozidi kuchechemea. Basi nikasema Mungu hakunipa kidole cha nne, hicho cha pete, nikachagua nyimbo zisizo na trili, na watu wakiniuliza nasema trili ni mapambo tu, muziki hauishi kwa mapambo. Sizitaki mbichi hizi.

Ndipo akaja Chiriku. Ni binti ya kaka yangu, na jina hilo alipewa na baba yake kwa utani, maana tangu utotoni ni msichana asiyesema. Unamuuliza habari za shule, anatabasamu. Unamuuliza kama ameshiba, anatabasamu. Lakini mkalishe kwenye piano! Nilianza kumfundisha miguu yake ikiwa haifiki chini, na kila nilichokuwa nacho nilimpa. Sarafu pia.

Mwaka huu ndio ulikuwa mwaka wake wa mwisho. Chuo cha muziki hakipokei aliyevuka miaka kumi na minane, na yeye anavuka karibuni. Kaka yangu ana duka la vifaa vya umeme, na alishasema bila kuficha. "Dada, sina ugomvi na piano. Akipata chuo, aende. Akikosa, ataingia dukani auze swichi, na sitaki kusikia kilio." Chiriku alikuwa amesimama hapo hapo. Akatabasamu, lakini niliuona mdomo wake ukitetemeka.

Chuo kikatuma wimbo wa mtihani. Nikaufungua, nikapitisha macho, na kwenye ukurasa wa tatu moyo ukanilipuka. Trili. Tena ndefu, tena ya vidole viwili vya mwisho, kwa sababu vile vingine vya mkono huo huo vinaimba wimbo chini yake. Hukwepi, huna pa kujificha.

"Tutaishinda," nikamwambia Chiriku, nikaitoa sarafu.

Miezi ile nilimsaga yule mtoto. Kidole cha pete juu, shusha. Juu, shusha. Aliondoka kwangu akiusugua mkono kama mtu aliyetoka kulima. Na trili yake? Ilichechemea vilevile kama yangu, kana kwamba ni ugonjwa wa ukoo. Lakini mimi na mdomo wangu tulishatangulia mbele. Fundi viatu nilimwambia, wifi nilimwambia, muuza mboga nilimwambia, kwamba mwanangu anaingia chuo, kwamba mwalimu wake ni mimi, na kwamba siku ya mtihani nitakaa kando yake nimgeuzie kurasa, wanione.

Alasiri moja nilimwacha anafanya mazoezi, nikaenda sokoni. Nusu ya njia nikakumbuka nimeacha pochi mezani. Nikarudi. Nilipokanyaga ngazi ya chini tu, nikasikia trili.

Nikadhani ni redio ya fundi. Nikachungulia kibandani kwake, redio imezimwa, mwenyewe ameinamisha kichwa nyundo ikiwa hewani, anasikiliza. Akanyoosha kidole juu. Nikavua viatu. Nikapanda pembeni pembeni mwa ngazi, pale zisipolia, kama mwizi kwenye nyumba yangu mwenyewe. Mlango ulikuwa umerudishiwa tu, nikaweka jicho.

Chiriku alikuwa amekaa amelegea, mabega chini, na mkono wake ulikuwa unacheza. Si vidole. Mkono! Kifundo kilikuwa kinageuka kushoto kulia, kushoto kulia, kidogo mno, na vidole vinajiendea vyenyewe, havikunyanyuliwa hata kidogo. Na sauti iliyokuwa inatoka, jamani. Nilishika ukuta. Trili ilipanda, ikashuka, ikawa nyembamba kama uzi halafu ikanenepa tena, na chini yake wimbo unaimba bila haraka. Sarafu ilikuwa juu ya piano, karibu na kikombe cha chai.

Mtu mwenye akili angesukuma mlango, akamkumbatia mtoto. Mimi nilisikia uso unaniwaka. Nikashuka zile ngazi kinyumenyume, viatu mkononi, mpaka chini. Nikavivaa. Halafu, Mungu anisamehe, nikakohoa kikohozi kikubwa cha uongo, nikaanza kupanda upya kwa kishindo, kila ubao ulie.

Juu, trili ikakatika. Nikasikia sauti ndogo ya sarafu ikiokotwa kwenye mbao.

Nilipoingia alikuwa ameketi wima, mkono umekakamaa, sarafu mgongoni mwake imetulia, na kidole cha pete kinapanda na kushuka kama mzee kwenye ngazi.

"Shikamoo, shangazi. Umerudi mapema."

"Marahaba. Nimesahau pochi. Trili haijambo?"

"Inakuja polepole, shangazi."

Nami nikasema, kwa kinywa changu hiki, "Jikaze. Hicho kidole chako kivivu."

Akaniambia, "Sawa, shangazi." Nilichukua pochi, nikatoka, nikaenda kusimama nyuma ya jengo kwenye mapipa ya taka, kwa sababu sikujua mahali pengine ambapo mtu asingeniona.

Mnaelewa alichokuwa anafanya? Alikuwa na trili mbili. Moja ni yake. Nyingine ni ya kunipa mimi, kama unavyompa mgonjwa uji, asijisikie vibaya. Mtoto wa kaka yangu alikuwa ananihurumia, tena kwa ustadi, na nisingesahau pochi nisingejua.

Siku ya pili, kabla hajafika, nikajifungia. Nikaiweka sarafu mbali, nikalegeza mabega kama nilivyomwona, nikajaribu. Mkono ukakataa. Niliuambia ulegee, ukawa mgumu zaidi. Mkono wangu ulikuwa umebeba ile sarafu hata isipokuwepo. Na hapo ndipo nilipoelewa, nikiwa nimekaa peke yangu na nyundo ya fundi inagonga chini, kwamba kidole changu cha nne hakikuwa na kosa lolote. Nilimsingizia Mungu bure. Nguvu za kufungua makopo hazikuwa na kazi yoyote pale.

Nikawakumbuka wanafunzi. Yule binti wa mwenye duka la dawa, aliyelia mpaka sarafu ikalowa. Yule mwingine aliyeanza kuumwa mkono hadi kwenye bega, mama yake akaja kuniuliza, nikamwambia mama huyo, tena mbele ya watu, kwamba mwanawe ni mvivu na uvivu una visingizio vingi. Nyani haoni kundule. Nilitamani sakafu ipasuke, nidondokee kwa fundi viatu na piano yangu.

Nilipaswa kusema. Hilo mnalijua, nami nililijua. Nililipanga neno asubuhi nikipiga mswaki: "Chiriku, nimekusikia. Hiyo yako ndiyo yenyewe. Ile yangu itupe." Maneno machache hayo, na mimi ndiye mwanamke anayebishana na muuza mboga mpaka vitunguu vinachipua. Lakini kila siku nikifika chini ya ngazi, nakohoa. Nakohoa, trili inakatika, sarafu inaokotwa, naingia. Ikawa ndiyo adabu yetu. Yeye anajua sijui, mimi najua hajui kwamba najua, na wote tunasalimiana vizuri.

Mara moja nilijaribu. Tulikuwa tunaosha vikombe.

"Chiriku," nikasema, "ile trili..."

Akageuka upesi, mikono ina povu. "Nitaiweza, shangazi. Usihofu. Siku ile sitakuangusha."

Alinitazama kwa macho ya mtu anayeogopa mwenzake asije akavunjika. Nikasema, "Najua, mwanangu," nikachukua kikombe kilichokuwa safi tayari nikakiosha tena.

Nikajifariji. Nikasema, huyu si mjinga. Mbele ya watahini atapiga ile nzuri, nami nitajifanya nimeshangaa, yataisha. Ningeweza kusema siendi, kichwa kinauma. Lakini nilishawaambia watu. Nilishashona gauni.

Jumamosi tukaenda. Ukumbi wa chuo ulikuwa na dari ndefu na viti vya mbao, na piano kubwa nyeusi, kifuniko wazi. Watahini walikuwa watatu, na msemaji wao alikuwa mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Akanitazama juu ya miwani.

"Wewe ndiye mwalimu wake?"

"Ndiye mimi," nikasema, kifua mbele. "Tangu miguu yake ikining'inia. Kila alichonacho nimemtia mimi."

"Vizuri sana. Karibuni."

Chiriku akakaa, nami nikakaa kushoto kwake kugeuza kurasa. Ukurasa wa kwanza alipiga vizuri. Ukurasa wa pili vizuri zaidi, nikaona mtahini wa pembeni anaweka kalamu chini ili asikilize. Nikageuza wa tatu. Mstari ukaisha, trili ikafika, na kabla hajaigusa, Chiriku akanitupia jicho. Jicho dogo tu, pembeni.

Kisha mkono wake ukakakamaa. Nikauona ukiwa meza. Kidole cha pete kikainuka juu, juu zaidi, kama nilivyofundisha, na trili ikaanza kuchechemea ndani ya ukumbi ule mkubwa wenye mwangwi. Ikachechemea mbele ya watu watatu na kalamu zao. Wimbo wa chini ukakwama pamoja nayo. Yule mtahini wa pembeni akaokota kalamu.

Yule mtoto alikuwa anaitupa nafasi yake ya chuo. Kwa sababu yangu. Aliahidi hataniangusha, na hakuniangusha, alijiangusha yeye.

"Hapo, tafadhali," akasema mama mwenye miwani. Sauti yake ilikuwa ya upole, na upole wake ulinitisha kuliko kama angefoka. "Mikono yako inaweza zaidi ya hapo, nadhani. Turudie kuanzia juu ya ukurasa. Mara moja tu, halafu tutakushukuru."

Tutakushukuru. Hilo neno nalijua. Ndilo neno la kumfungulia mtu mlango aende zake. Nikaliona duka la kaka yangu, zile swichi kwenye makasha, na Chiriku nyuma ya kaunta akitabasamu.

Chiriku akainua mkono wake kuuweka kwenye vibao. Ulikuwa bado umekakamaa. Nikajua kabisa, kama ninavyojua jina langu, kwamba nikiendelea kukaa kwenye kiti kile atapiga ile ile, na hata wakimrudisha mpaka jioni atapiga ile ile.

"Usipige hiyo," nikasema.

"Ipi, shangazi?" Na sauti yake ilikuwa ya kweli kabisa, ungemwamini. Mpaka dakika ile alikuwa bado ananifunika.

"Piga ile unayopiga nikiwa sokoni."

Uso wake ukabadilika. Watahini wakaacha kuandika.

"Kuna tatizo, mwalimu?" akauliza yule mama.

Nikasimama. Gauni langu jipya likanasa kwenye kiti, nikalivuta, likatoa sauti ya kuchanika. Hata hapo sikusalimika.

"Tatizo ni mimi," nikasema. "Hiyo mliyoisikia ni yangu, nimemfundisha mimi, na ni mbovu. Yeye anayo yake, ameificha asinitie aibu. Naomba nitoke, na kurasa ageuze mwenyewe."

Ukumbi ule ulikuwa mrefu, nawaambia. Nilitembea kuelekea mlangoni, viatu vinalia, na kila hatua nikisikia macho yao mgongoni. Nikafunga mlango nyuma yangu polepole.

Nje kwenye korido kulikuwa na benchi, na baba mmoja ameketi hapo na chupa ya maji, anamsubiri mwanawe zamu yake. Nikakaa. Nikafungua pochi kutafuta kitambaa, nikaikuta sarafu. Nilikuwa nimeibeba, sijui kwa kazi gani. Ya bahati, labda. Nikaishika.

Mara ndani ukurasa wa tatu ukaanza, mstari ukasogea, na trili ikafika.

Ikapita katikati ya ule mlango mnene kana kwamba ni pazia. Ilikuwa nzuri kuliko siku ile ya ngazi, kwa sababu sasa ilikuwa na piano inayostahili. Bila kufikiri nikaiweka sarafu mgongoni mwa mkono wangu, nikaanza kupiga pamoja naye juu ya goti. Ikateleza saa ile ile, ikagonga sakafu, ikabingirika chini ya benchi.

Baba yule akainama. "Mama, hela yako hiyo."

"Iache tu. Hainunui kitu."

Akaketi tena. Tukasikiliza. "Huyo aliye ndani moto wa kuotea mbali," akasema, anatikisa kichwa. "Wangu ana kazi leo. Mwalimu wake nani?"

Mdomo wangu ulishafunguka wenyewe, kwa mazoea. Nikaufunga.

"Sijui," nikasema. "Mimi ni shangazi yake."

Chiriku alitoka baada ya muda, kurasa zimekunjika kifuani, uso umelowa. Sikujua kama ni kilio cha kupata au cha kukosa. Nikasimama.

"Wamesema nilete vyeti Jumatatu," akasema.

Nikamshika. Nililia, sifichi, nikamlowesha bega, na yule baba akatazama chupa yake ya maji kwa adabu. Tuliposhuka ngazi za chuo Chiriku akasema tena, na huyu ni mtu anayesema mara moja kwa wiki.

"Wameniuliza hii trili nimefundishwa na nani."

"Ukasemaje?"

"Nikasema na huyo aliyetoka."

Nikasimama pale pale. "Kwa nini uwadanganye? Mimi nimeshasema ukweli wangu mbele yao, nimekula jeuri yangu, wewe unarudi kunipaka mafuta? Leo si siku yake, Chiriku."

"Sikudanganya, shangazi."

"Basi nilikufundisha lini?"

Alitabasamu tu, na mimi nilikuwa nimechoka, sikumfukuzia jibu. Tukaenda mpaka nyumbani. Fundi viatu akatoka kibandani, akauliza kwa macho, Chiriku akainua kidole gumba, na mzee wa watu akapiga benchi lake kwa nyundo kwa furaha. Tukapanda. Nikatia ufunguo mlangoni.

"Hapa," akasema Chiriku nyuma yangu.

"Hapa nini?"

"Hapa ndipo uliponifundisha. Nilikuwa nakungoja ufungue. Kila siku nautazama mkono wako." Akainua mkono wake hewani, akautikisa kushoto kulia, kushoto kulia, haraka, umelegea.

Nikautazama mkono wangu kwenye ufunguo. Miaka yote hiyo. Nilifungua mlango kwa mkono huu, nikaingia ndani, nikauwekea sarafu.

Na kwa kuwa sasa nilikuwa nautazama, mkono ukakakamaa. Nikatikisa, wapi. Nikatumia nguvu, ukakwama. Kitasa changu mwenyewe kikanikataa, mbele ya mtoto, na fundi chini ameinua shingo anatushangaa. Jasho likanitoka.

"Sema kitu, shangazi," Chiriku akaninong'oneza. "Huwa unafungua ukiongea."

Nikatafuta la kusema. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikuwa nalo. Soga zote zilikuwa zimeniisha, lilibaki lile moja nililolimeza kila siku chini ya ngazi nikikohoa. Nikamgeukia, ufunguo bado mkononi.

"Nilikusikia tangu siku ile ya pochi," nikasema. "Nikanyamaza. Nisamehe, mwanangu."

Akaitikia kwa kichwa, macho yake yakashuka kwenye mkono wangu, nami nikayafuata. Ufunguo ulikuwa umeshageuka.